Simu Inaonyesha Barabara, Mbele Kuna Korongo: Ramani za Jangwa la Juu Zinasomwaje?

Mwezi Novemba 2023 watu wengi walikuwa wanarudi Los Angeles kutoka Las Vegas baada ya mashindano ya magari ya Formula 1, dhoruba ya vumbi ikavuruga safari kwenye barabara kuu ya I-15, programu ya ramani kwenye simu zao ikawaambia kuna njia nyingine ya haraka, unaokoa karibu dakika 50. Wakakata kona. Lami ikaisha, changarawe nayo ikaisha, mwisho wakajikuta msururu wa magari madogo katikati ya jangwa la Nevada wanafuata alama za matairi juu ya mawe na vichaka, kuna gari likaharibika huko huko, na kampuni yenye ile programu ikaja kuomba radhi.

Tangu habari ile itoke kuna swali naulizwa mpaka leo. Hapa Boise, Idaho, tunaoongea Kiswahili tupo wengi, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, sisi wa Tanzania na Kenya, na mji wenyewe umekaa ukingoni mwa jangwa, wikendi watu wanatoka kwenda kuvua samaki, kutembeza watoto, wengine kazi zao ziko mashambani huko huko. Swali ni hili: "Si ramani inatoka satelaiti? Sasa satelaiti inaonaje barabara ambayo haipo?"

Ni swali zuri sana na linastahili jibu la kueleweka. Ile ramani unayoiona kama kitu kimoja ni vitu viwili vilivyobandikwa pamoja. Kuna umbo la ardhi, yaani milima, mabonde, makorongo, hilo limepimwa kwa vyombo. Alafu kuna barabara, na hizo huko porini mara nyingi hazikupimwa, zimesimuliwa, mtu wa kwanza aliona mstari akauchora, wa pili akaunakili, wa tatu akaupa daraja na jina. Mlima wa mwaka 1950 upo vile vile leo. Barabara ya mwaka 1950 inawezekana imeshaota vichaka, au ilisombwa na mafuriko, au mwenye shamba alishaifunga kwa geti na kufuli. Kwa hiyo ukiwa jangwani unaanza kusoma ardhi, barabara baadaye, na watu wengi tunafanya kinyume chake.

Tuelewane kwanza hilo jangwa lenyewe ni lipi. Nazungumzia kusini mashariki mwa Oregon, kusini mwa Idaho na sehemu kubwa ya Nevada, wenyewe wanaita jangwa la juu kwa sababu ardhi yake ipo kama mita 1,200 mpaka 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mvua ni kidogo kwa kuwa milima ya magharibi inakamua mawingu yanayotoka Pasifiki kabla hayajafika. Usifikirie michanga ya Sahara. Ni vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, mawe meusi ya volkano, udongo wa mfinyanzi, na baridi, maana theluji inaanguka na kuna barabara za juu zinafungwa mpaka mwezi wa sita au wa saba. Mtu akisikia jangwa anabeba maji anaacha koti, na usiku ndio anajua.

Na upweke wake. Kaunti ya Harney huko Oregon ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 26,500, yaani ni kama Rwanda nzima. Rwanda wanaishi watu zaidi ya milioni 13, Harney wapo kama 7,500 na wengi wamejikusanya kwenye miji miwili iliyopakana. Ukikwama Rwanda hata dakika tano hazipiti watu wameshajaa wanakusukuma. Huku unaweza kukaa siku mbili usione gari.

Sasa ramani ya topografia. Ramani ya kawaida inakwambia nini kipo wapi, hii inakwambia pia kipo juu kiasi gani na ardhi yake imekaaje. Marekani kazi hiyo inafanywa na shirika la serikali la jiolojia, USGS, lililoanzishwa 1879, na mwaka 1884 mkurugenzi wake John Wesley Powell ndiye aliyelishawishi Bunge likubali nchi nzima ipimwe kwa utaratibu mmoja. Huyu Powell alipoteza mkono wa kulia vitani na bado mwaka 1869 aliongoza mashua kupita ndani ya Grand Canyon, kwa hiyo thamani ya kujua mbele kuna nini aliijua vizuri. Karatasi maarufu zaidi za shirika hilo ni za skeli ya 1:24,000, zilikamilika kwa majimbo 48 mwanzoni mwa miaka ya 1990 na zilikuwa zaidi ya 50,000. Ukisoma jiografia sekondari Tanzania au Kenya utakumbuka kile kipande cha ramani ya 1:50,000 kwenye mtihani, zile kontua tulizokuwa tunahesabu kwa penseli. Ni mambo yale yale, tofauti huku makosa yake hayaishii kwenye maksi.

Kwa ambaye hakusoma au kashasahau, kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye urefu mmoja kutoka usawa wa bahari. Mtu wa pwani ataelewa haraka. Maji ya bahari yakiwa yanapwa yanaacha alama kwenye mwamba, mstari wa unyevu umeuzunguka mwamba wote, na mstari huo umelala sawa kwa sababu maji hayajui kupanda upande mmoja. Chukua kisiwa kidogo, sema kila maji yakishuka mita 12 yanaacha alama moja, alafu wewe uko angani unatazama chini. Utaona duara ndani ya duara. Hiyo ndiyo ramani ya kontua. Na huku jangwani kuna mahali huhitaji hata kufikiria, juu ya mji wa Salt Lake City zamani za barafu kulikuwa na ziwa kubwa sana wanaliita Bonneville, lilipokuwa linapungua lilisimama kwa muda likala ubavu wa milima, kisha likashuka tena likasimama, na mpaka leo ukiwa mjini ukainua macho unaziona zile fukwe za kale zimelala mlimani kama ngazi. Mara ya kwanza kuziona nilisimama nikawa nasema hii ni kontua, maji yenyewe yamechora.

Kanuni ya msingi ni moja, mistari ikikaribiana kuna mteremko mkali, ikiachana ni tambarare. Mfano mzuri kuliko yote ni mlima Steens, huko huko Harney, urefu wake mita 2,967. Ardhi ilipasuka zamani, upande mmoja ukanyanyuka kama mfuniko wa sanduku uliofunguliwa kidogo, ndio maana ukiupandia upande wa magharibi unakwenda taratibu kilomita nyingi, kwenye karatasi kontua zimeachana unaweza kupitisha kidole katikati. Alafu unafika kileleni unatazama mashariki, ardhi inadondoka zaidi ya mita 1,700 kwa kilomita chache tu mpaka kwenye jangwa jeupe la Alvord. Kwenye ramani upande huo kontua zimebanana mpaka karatasi imekuwa ya kahawia. Mlima mmoja, sura mbili, na kama unaangalia ramani ya kawaida ya simu pande zote mbili ni rangi ile ile ya kijani hafifu.

Ukitaka kwenda mbali kidogo piga hesabu. Kwenye skeli ya 1:24,000 sentimita moja ya karatasi ni mita 240 ardhini. Huku wanatumia futi, na sehemu za milima mara nyingi kontua moja hadi nyingine ni futi 40, karibu mita 12. Sasa weka rula, ukikuta ndani ya sentimita moja umepanda nafasi tano, hizo ni futi 200, mita 61 hivi, kwa mwendo wa mita 240, yaani kila unapokwenda mita nne umepanda mita moja. Barabara ya lami nyingi haifiki hapo hata nusu. Kama mstari wa barabara unakatiza kontua zilizobanana namna hiyo moja kwa moja bila kuzungukazunguka, hiyo ni njia ya gari la fowili lenye dereva anayejua anachofanya, na mimi gari langu dogo silipeleki.

Kuna na herufi V. Kontua zikivuka bonde zinajikunja zinakuwa kama V, na ncha ya V inaelekea maji yanakotoka, juu. Kwenye mgongo wa kilima zinajikunja pia lakini ncha inatazama chini. Jifunze hii kabla ya kitu kingine chochote maana kila V ambayo barabara yako inaipita ni mahali maji yanapita mvua ikinyesha, na jangwani mvua ikinyesha milimani kilomita 20 kutoka ulipo, maji yanakuja kukukuta wewe kwenye jua kali.

Kitu kinachowapoteza zaidi wageni ni makorongo ya huku. Tumezoea bonde unaliona kwa mbali, unateremka taratibu. Mto Owyhee na mto Bruneau imekata ile miamba ya volkano kwenda chini wima, wewe unaendesha kwenye tambarare vichaka pande zote, hakuna dalili ya kitu, alafu ghafla ardhi imekatika mbele yako mamia ya futi. Ukisimama kilomita moja nyuma hulioni kabisa. Lakini kwenye ramani ya topografia linaonekana hata na mtoto, ni mkanda mnene wa kahawia umejipinda katikati ya karatasi nyeupe. Kwa hiyo simu ikikwambia unakokwenda ni kilomita mbili kwa mstari ulionyooka, angalia kama kuna mkanda huo katikati, maana kuuvuka inawezekana ni mpaka urudi ulikotoka na kuzunguka makumi ya kilomita kutafuta daraja.

Nimesema ardhi imepimwa, ila sio kwamba kipimo kinaona kila kitu. Kama kontua ziko kila mita 12, mkorongo wenye kina cha mita tatu unaweza kujificha katikati ya mistari miwili usionekane popote, na mita tatu zinatosha kabisa kumeza gari. Halafu kuna data za angani. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kinapima kwa rada, kikachukua karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote, kwa hiyo hata kijiji chenu cha Rombo au Uvira kimo humo na ramani nyingi za simu zinatumia kipimo hicho. Kazi kubwa mno, naiheshimu. Lakini kinapima kama kwa vigae, kila kigae kina upana wa mita 30 na kinapewa urefu mmoja tu, korongo jembamba la mita 15 linamezwa ndani ya kigae na ramani inakuonyesha mbonyeo kidogo. Siku hizi USGS wanapima upya kwa leza kutoka kwenye ndege, na hiyo inaona mpaka mtaro, jangwani inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu miti ya kuficha ardhi ni michache.

Sasa tuje kwenye barabara, hapa ndipo penye fundo.

Zamani ndege zilikuwa zinapiga picha mbili mbili zinazopishana kidogo, mchoraji ofisini anazitazama kwa chombo kinachozifanya zionekane zina kina, kama macho yetu mawili yanavyofanya, anachora kontua na anachora barabara anazoziona. Baadaye wenzake walikwenda uwanjani kukagua. Njia ya udongo isiyotunzwa wakaipa alama ya mistari miwili iliyokatikakatika, maana yake kwa lugha ya wazi ni kwamba siku picha inapigwa kulikuwa na alama za matairi hapa. Basi. Hawakusema inapitika mwaka mzima, hawakusema kuna mtu anaitengeneza.

Ikaja miaka ya 1980, Ofisi ya Sensa ya Marekani inajiandaa na sensa ya 1990, wanataka ramani ya kompyuta ya nchi nzima, wakatengeneza mfumo unaoitwa TIGER. Kwa vijijini mistari mingi waliichukua kutoka kwenye ramani za USGS za skeli ndogo zaidi, 1:100,000. Jiulize sensa inataka nini na barabara. Inataka kujua nyumba ziko wapi ili karani afike ahesabu watu. Haikuwa shida yao kama gari dogo litapita au litaacha sampo huko. Na kwa kuwa ni data ya serikali, ya bure, haina hakimiliki, kila mtu akaichukua. Mwaka 2007 na 2008 ikaingizwa kwa wingi kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia ambayo programu nyingi zinaitegemea, na kwenye kuingiza kukatokea jambo moja la kusikitisha: kundi moja la sensa lilikuwa limechanganya mitaa ya mjini na njia za vijijini pamoja, lote likaandikwa kuwa ni mtaa wa makazi. Unaona ilivyokwenda? Njia ya mfugaji kwenda kwenye birika la ng'ombe, imechorwa kutoka kwenye picha ya miaka ya 1960, imenakiliwa kwa ajili ya kuhesabu watu, mwisho imeingia kwenye simu na hadhi ya mtaa wa Sinza. Wajitolea wamesahihisha nyingi sana kwa mkono, mstari kwa mstari, nawashukuru kutoka moyoni, lakini mtu husahihisha anapopajua, na jangwani hakuna watu.

Alafu simu haina njia ya kujua zaidi ya ilichoandikiwa. Ikiona mtaa inaupa mwendo wa mtaa, inapiga hesabu, inakwambia dakika 38. Zile dakika hakuna mtu aliyeziendesha.

Lakini picha ya satelaiti si inaonyesha ukweli? Inaonyesha ukweli wa juu. Kutoka angani njia ya gari, njia ya ng'ombe, bomba lililofukiwa, mstari uliofyekwa kuzuia moto na mkondo wa maji uliokauka vyote ni mstari mweupe kwenye ardhi ya kijivu. Mkondo mkavu ndio unadanganya zaidi maana mchanga wake ni mweupe na umenyooka, nimeshaona watu wawili tofauti wananionyesha kwenye simu "barabara" ambayo ni mto. Picha pia haikuonyeshi udongo ni mgumu au laini, haionyeshi kufuli, na jiwe la nusu mita halionekani.

Kuna hili lingine nalisikia kila siku, kwamba ukikosa netiweki GPS inakufa. Hapana. GPS ni kama redio, satelaiti ziko angani kama kilomita 20,000 zinatangaza saa, simu yako inasikiliza nne au zaidi inapiga hesabu iko wapi, na kusikiliza redio hakuli bando. Kinachopotea ni ile picha ya ramani chini ya kidoti cha buluu kwa sababu hukuipakua, unabaki na kidoti kwenye ukurasa mtupu. Pakua ramani ukiwa nyumbani kwenye waifai na kidoti kitatembea hata pasipo na mnara kilomita 100.

Ila kidoti nacho kiwekwe kwenye karatasi sahihi. Wanaojua migogoro ya viwanja watanielewa hapa, wapimaji wawili wanapima kiwanja kimoja lakini kila mmoja kaanzia bikoni yake, wote wamepima vizuri na mipaka haikutani. Ramani za zamani za Marekani zinatumia mfumo wa mwaka 1927 ambao bikoni yake kuu ilikuwa kwenye shamba moja la mifugo huko Kansas, za sasa zinaanzia katikati ya dunia yenyewe, na kwa upande huu wa magharibi tofauti inafika karibu mita 100. Kwenye shamba la mahindi mita 100 sio kitu. Kwenye ukingo wa Bruneau ni uhai. Imeandikwa kwa maandishi madogo pembeni chini ya karatasi, NAD27 au NAD83, isome.

Na rangi zisikuchanganye. Ile miraba myekundu myembamba unayoiona kwenye karatasi nyingi sio barabara wala uzio, ni mgawanyo wa ardhi wa sheria ya mwaka 1785, kila mraba maili moja kwa maili moja, huko ardhini hakuna mstari wowote. Buluu nayo sio maji ya kunywa, mstari wa buluu uliokatika wenye vidoti katikati ni mto wa msimu, na hata pale palipoandikwa kisima unaweza kukuta bomba lenye kutu.

Sehemu nyeupe kabisa isiyo na kontua hata moja ndiyo inayowavutia madereva. Ni sakafu ya ziwa lililokauka, kama ile Alvord niliyoitaja, kilomita 19 kwa 11 hivi, bapa kama meza. Kukiwa kukavu magari yanatembea bila shida. Ila juu ni ganda tu, chini mara nyingi ni tope, na mvua ikinyesha kidogo tu ganda linageuka gundi. Mwanzoni mwa Septemba 2023 watu zaidi ya 70,000 waliokuwa kwenye tamasha la Burning Man, jangwa la Black Rock huko Nevada, walizuiwa kuondoka siku kadhaa kwa sababu ya mvua ambayo kwetu Moshi mtu angeendelea kuanua nguo zake taratibu. Kontua hazikwambii udongo ni wa aina gani. Hilo unauliza watu, ofisi za ardhi za serikali wana namba za simu na wanapokea, wanakwambia barabara fulani ikoje wiki hii.

Mimi kabla ya kutoka naingia kwenye mtandao wa USGS, karatasi zote ni bure pamoja na za zamani kabisa, nachukua mpya na ya miaka ya 1960 au 1970 ya sehemu ile ile naziweka pamoja. Barabara ikiwepo kwenye zote mbili, na kwenye picha ya satelaiti ya karibuni inaonekana imekanyagwa, naiamini kiasi. Ikiwepo kwenye mpya tu bila picha kuiunga mkono, naichukulia kama uvumi. Kisha nahesabu V.

Mwezi wa nne nilikwenda kusini ya Jordan Valley, mji mdogo wa huku Oregon, na mzee mmoja wa Uvira, sisi tunamwita Papa, na pikapu yake. Simu ilisema dakika 38 mpaka mtoni. Karatasi niliyoichapa ilisema mistari miwili iliyokatika, inapita V tatu, na baada ya ya tatu inabana ubavuni mwa mteremko. Theluji ilikuwa inayeyuka juu. V ya kwanza tulivuka, ya pili tulivuka kwa shida, udongo unanata kwenye soli mpaka kiatu kimoja kina uzito wa tofali. Ya tatu tukasimama. Ng'ambo njia inaonekana vizuri, nyeupe, imenyooka.

"Mutoto yangu, njia ile pale, naiona na macho."

"Njia iko, Papa. Ila tazama hapa," nikamwonyesha kwenye karatasi, mstari wetu ukiwa umelala juu ya kontua zilizobanana, chini yake mkanda wa kahawia.

Papa hakunijibu. Akashuka, akachukua fimbo yake ya kuvulia samaki, ile mpini, akaisimamisha kwenye tope katikati ya njia na kuiegemea. Ikazama bila sauti mpaka ngumi yake ikagusa maji. Akaivuta, akaifuta kwenye suruali, tukageuza gari.

Mwezi wa saba tulirudi, kumekauka kote, tukapita. Pale kwenye V ya tatu tulikuta kuna wengine walijaribu baada yetu, mifereji ya matairi yao imeshakauka migumu kama zege, ndani ya mmoja kuna ubao na kipande cha kamba iliyokatika. Papa alipima kina cha mfereji kwa mkono. Uliishia kwenye kiwiko.